Presha ya Chumba cha Chupa

Watu wa Muganza wakikosa wa kumlaumu, wanalaumu mashine. Ile ya ukutani pale koperative, wanasema ndiyo iliyoua migomba ya Concessa. Wengine wanaongeza kwamba shemeji yangu Kamali aliileta kutoka mjini Kamembe ikiwa na shetani ndani. Shetani gani huyo anayekula umeme? Mimi nilikaa na mashine ile kuliko ninavyokaa na mume wangu, na haikunidanganya hata siku moja. Kwa hiyo nyamazeni, niwaeleze.

Mimi ni Maman Latifu. Mnanijua kwa ukali, na sibishi. Kwa sababu ya ukali huo ndiyo koperative ilinipa ufunguo wa chumba cha chupa. Jean Paul, agronomu wetu, alisema mbele ya mkutano: "Huyu maman, hata meya akija na viatu vya matope atamurudisha." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana ni kweli ningemrudisha.

Chumba chenyewe ni kimoja tu, nyuma ya ghala la mpunga, kimepakwa rangi nyeupe mpaka darini. Mle ndani miche ya ndizi inaota kwenye chupa, bila udongo, juu ya kitu kama jeli chenye sukari. Jean Paul anakata kiini cha mche, kidogo sawa na punje ya mchele, anakipandikiza kwenye chupa. Kikishaota anakigawa, anaweka kwenye chupa nyingine, na nyingine tena, mpaka mche mmoja unakuwa ukoo mzima. Ila sukari ile hata ukungu unaipenda. Vumbi kidogo likiingia na ukungu wake, chupa imekufa. Na sisi tuko Muganza, kwenye malori na machimbo ya mawe. Kiangazi hapa vumbi unalinywa kwenye chai.

Kwa nini tulihitaji ndizi za chupa? Kirabiranya. Nyie wenye bahati hamjauona ugonjwa huo. Majani yanageuka njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati zikiwa zimeoza ndani, na ukikata shina linatoa usaha. Mgomba mmoja ukiugua, mnang'oa shamba zima na kufukia. Hakuna dawa. Tuling'oa mlima mzima, jamani, na wanaume niliowajua tangu utoto nikawaona wanalia wameshika panga.

Concessa alikataa mtu yeyote amsaidie. Alikata migomba yake mwenyewe, na umri ule.

Concessa ni jirani yangu tangu nilipoolewa. Yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu. Noeli ninakula kwake, Idi anakula kwangu. Pombe yake ya ndizi sinywi, na hapo ndipo alikuwa akinichokoza: "Maman Latifu, siku utaonja hii, utasahau njia ya musikiti." Nami ninamjibu: "Na wewe siku utaiacha, utakumbuka njia ya kanisa." Tunacheka mpaka kuku wanakimbia.

Ndizi yake haikuwa ndizi ya kila mtu. Mume wake, marehemu Ntawukuriryayo, aliitoa kwao Nkanka, kando ya ziwa, akaibeba kichwani mwaka aliomwoa Concessa. Ilikuwa fupi, nene, na ukiipika na maharage huhitaji mafuta. Sisi wote tuliiita ndizi ya Ntawukuriryayo. Alipokufa, Concessa aliendelea kuipalilia kana kwamba mwenyewe yuko ndani ya nyumba anangoja chakula. Watoto wao walishakwenda zao, mmoja Kigali, mwingine sijui wapi, hata simu hapigi. Kirabiranya kilipopita, tulikwenda mimi na yeye mpaka Nkanka kutafuta mbegu. Kule nako wameng'oa, wamepanda kahawa. Tulirudi bila hata jani.

Kilichobaki ni chipukizi kimoja nyuma ya choo chake. Jean Paul alikipima, akakuta ni kizima, akakikata kiini na kukiingiza kwenye chupa. Mbegu za ndizi nyingine zikifa unaweza kuzipata Bugarama au hata ng'ambo ya mto Ruhwa. Ya Ntawukuriryayo ilikuwa ndani ya chupa zile tu, duniani kote. Na Concessa alitaka kitu kimoja: irudi shambani kwake kabla yeye hajafa. Hakuficha. Alimwambia padri, aliniambia mimi, aliwaambia mbuzi.

Basi, ili awe karibu nayo, akaomba kazi ya kufagia korido ya chumba cha chupa. Bure. Nani angemkatalia?

Kamali alikuja kufunga mashine mwanzoni mwa kiangazi. Kamali ni mdogo wa mume wangu, fundi wa friji na hewa pale Kamembe, mtu wa maneno mengi lakini mikono yake safi. Alifunga feni darini na kichujio chake, kisha akatoboa ukuta kando ya mlango, akaning'iniza kisanduku chenye namba na taa. Kutoka kwenye kisanduku kulitoka mipira miwili myembamba sawa na mrija wa soda. Mmoja alipeleka mdomo wake ndani ya chumba, mbali na feni ili upepo usiupige. Wa pili aliuacha mdomo wazi koridoni. Kwanza aliichomoa yote miwili kwenye kisanduku, akangoja namba isome sifuri, ndipo akairudisha na kuwasha feni. Namba ikapanda polepole: tatu, nane, kumi na mbili. Ikasimama kumi na tano, taa ikawa kijani.

"Munaona?" akatuambia mimi na Concessa. "Hii inapima presha ya chumba. Feni inasukuma hewa safi ndani. Ndani kukiwa na presha kuliko huku korido, hewa inatoka tu, vumbi haiwezi kuingia. Ni kama misa imeisha, batu banatoka kanisani, na wewe peke yako unataka kuingia. Utaweza?"

"Batanikanyaga," Concessa akasema.

"Voilà. Vumbi nayo inakanyagwa hivyo. Namba ikishuka chini ya tano, presha imekwisha, italia. Ikipita makumi mawili na tano, imezidi, italia pia."

Concessa alikuwa anatazama chini. Mlango haukufika sakafuni. Kamali alikuwa ameuacha na mwanya wa kidole kimoja.

"Kamali, mutoto yangu, huyu mulango umemukata mufupi. Panya atapita."

"Hapana, maman. Njo njia ya hewa kutokea." Akachana kipande cha karatasi ya choo, akakishika mbele ya mwanya. Karatasi ikaruka kuja kwetu, ikapepea. Concessa akapiga makofi, "Yampayinka weee!", akataka kuishika yeye mwenyewe, akaishika mara nyingi, akicheka kama msichana. Sijamwona akicheka vile tena.

Kabla ya kuondoka Kamali akatupa somo la mwisho. Alikuwa na haraka ya gari. "Ikilia, muangalie kwanza kama mulango imefungwa. Ikiendelea kulia, muzungushe hii butoni ya feni polepole mpaka taa irudi kijani. Siwezi kutoka Kamembe kila siku juu ya kelele." Concessa aliyarudia maneno hayo siku nzima, mlango, butoni, kijani, mlango, butoni, kijani. Nikamwambia ameongeza fumbo jipya kwenye rozari yake.

Sasa sikilizeni jambo la Muganza, maana mtu wa Kamembe hawezi kulijua. Kiangazi kwetu, mwanamke akitoka nyumbani anafunga mlango, analoweka kitambaa cha kitenge, anakikunja na kukibana chini ya mlango. Bila hivyo utarudi ukute vumbi kwenye unga, kwenye mashuka, kwenye macho ya mtoto. Mama mkwe alinifundisha siku ya pili ya ndoa yangu. Bibi arusi asiyeweka kitambaa, watu wanasema kwao hawakumlea. Tunaweka nyumbani, msikitini, kanisani, shuleni. Hakuna anayekuamuru. Unaona mwanya, mkono unatafuta kitambaa wenyewe.

Concessa aliona mwanya. Karatasi aliiona ikiruka, ndiyo, lakini malori yalipoanza kupita mfululizo na korido ikawa nyekundu kila akigeuza mgongo, mkono wake ulitafuta kitambaa. Alichukua kipande cha kitenge chake kizuri, akakiloweka, akakibana chini ya mlango wa chumba chenye watoto wake.

Mashine ikalia. Lazima ilie! Hewa imekosa pa kutokea, presha imepanda. Lakini Concessa alifanya alivyofundishwa. Aliangalia mlango: umefungwa. Akazungusha butoni polepole mpaka taa ikarudi kijani. Nilipofika akaniambia kwa furaha, "Ililia, Maman Latifu, nikainyamazisha peke yangu." Na mimi nikamsifu. Nilimwambia, "Wewe sasa ni enjenia."

Mtauliza, na wewe mkali, kitambaa hukukiona? Nilikiona kila asubuhi. Nilikisogeza kwa mguu, nikaingia, nikatoka, Concessa akakirudisha. Jean Paul naye alikisogeza. Kitambaa chini ya mlango, Muganza, ni kama kizingiti. Nani anakizungumzia kizingiti? Tuliangalia namba. Kumi na tano, kijani. Asubuhi kijani, jioni kijani. Tukalala usingizi.

Agosti Jean Paul alikata miche yote ya Concessa akaigawa kwenye chupa mpya, ili ipate nguvu kabla ya mvua. Siku hizo mlango ulifunguliwa sana. Rafu nzima ikajaa Ntawukuriryayo mdogo mdogo, majani laini ya kijani. Concessa hakuruhusiwa kuingia bila koti jeupe, basi alivaa koti, akasimama katikati ya chumba, hakugusa kitu. Alisema tu, "Niko naona bote." Akatoka.

Ukungu ulianza na chupa za chini. Kwanza ulikuwa uzi mweupe juu ya jeli. Kesho yake pamba. Kisha doa jeusi, na mche unalala ubavu. Jean Paul alizitoa, akafuta rafu kwa spiriti. Ukatokea kwenye rafu ya juu. Akazitoa hizo pia. Kila asubuhi nilifungua mlango, na kila asubuhi kulikuwa na nyingine. Tulizichemsha chupa, tukatupa kilichokuwa ndani kwenye shimo la taka na kukichoma, na harufu ya sukari iliyoungua ikakaa kwenye nguo zangu.

Jean Paul akanigeukia. "Maman, itakuwa mikono."

"Mikono gani?"

"Ya mwenye kuingia."

Nilimwonyesha mikono yangu mpaka puani. "Hii? Hii inayotawadha mara tano kwa siku? Wewe uliyekata miche, ulinawa mara ngapi?" Tulitukanana mbele ya ghala, wabeba mpunga wakaacha magunia wakaja kutazama. Aibu! Concessa alisimama kando na ufagio wake akisema, "Muache, muache, batoto banasikia." Alimaanisha miche.

Nikampigia Kamali simu, nikamwambia asipokuja leo nitamwita fundi mwingine na jina lake nitaliharibu Kamembe nzima. Alikuja. Alisimama mbele ya kisanduku muda mrefu. Kumi na tano, kijani. Akatoa mipira, namba ikasoma sifuri. Akairudisha, kumi na tano. "Mashine nzima kabisa," akasema. Kisha akafungua mlango kidogo, akashika karatasi kwenye ufa. Karatasi haikuruka. Ilining'inia, halafu ikasogea taratibu kuelekea ndani.

Kamali akainama. Akainua kitambaa. Upande wa chini kilikuwa na madoa meusi, kimeota ukungu chenyewe, kwa kulowekwa kila siku.

Mimi na ulimi wangu! Kabla hajasema neno nilipiga kelele: "Ni mjinga gani aliyeweka uchafu huu hapa?" Nilikuwa najua. Nusu yangu ilikuwa inajua, na nusu nyingine ilikuwa inatafuta wa kupiga.

"Njo miye," Concessa akasema. "Nilikuwa ninakataza vumbi."

Kamali alifafanua kwa sauti ya chini, akimtazama yeye, na sijawahi kumsikia Kamali akichagua maneno. "Maman, njia ya hewa ilizibwa. Presha ikapanda, ikalia. Mukapunguza feni, namba ikarudi nzuri. Lakini feni haikuwa na nguvu tena. Mulango ikifunguliwa tu, presha inaisha, na vumbi ya korido inaingia yote." Akagusa butoni. "Ni miye niliwafundisha butoni. Sikuwafundisha sababu."

"Wewe ulitufundisha kama kasuku!" nikamwambia, na sasa nilikuwa ninalia.

"Ni kweli, shemeji."

Concessa aliuliza kitu kimoja. "Kwa hiyo ningelala tu nyumbani, bangepona?"

Jean Paul, ambaye Mungu amsamehe ni kijana na hajui lini useme na lini unyamaze, akasema, "Pengine." Concessa akavua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akaenda nyumbani. Kitambaa alikichukua.

Ilibaki chupa moja. Moja tu, rafu ya juu kabisa, mche wenye majani matatu, jeli yake safi. Kamali alirudisha feni kwenye nguvu yake, akaandika kwa rangi nyekundu juu ya mwanya: USIZIBE. Karatasi ikaruka tena kama siku ya kwanza. Jean Paul akasema chupa moja inatosha, kwamba ukoo wote ulitoka kwenye chupa moja. Nilimpelekea Concessa habari hiyo mbio, nikimwomba arudi. Alikataa. "Miye siingii tena pale. Lakini kila asubuhi nitakuuliza."

Akawa ananingoja kwenye ua wangu na bidoni yake ya maji. "Mutoto ameamuka?"

"Ameamka."

"Aksanti." Anashuka kisimani.

Mvua ya kwanza iliponyesha, nilifungua mlango nikaona uzi mweupe. Nilikaa chini sakafuni. Niliomba, wallahi niliomba kuliko ninavyoomba mwezi wa Ramadhani. Nikamwambia Mungu: wewe una ndizi ngapi duniani? Hii moja inakusumbua nini? Siku chache baadaye Jean Paul aliitoa chupa, na mimi nikamwambia, "Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Asubuhi Concessa alikuwa uani. "Mutoto ameamuka?"

"Ameamka," nikasema. Neno lilitoka lenyewe.

Na kesho yake tena. Na siku nyingine tena. Nilikuwa ninatoka hapo ninakwenda kufungua chumba kitupu, ninasimama mbele ya kisanduku. Kumi na tano. Kijani. Jean Paul alitaka tuzime feni kwa sababu ya umeme, nikamkatalia. Sijui nilikuwa ninalinda nini. Hewa safi kuliko zote wilayani Rusizi ilikuwa inatoka chini ya mlango ule, na ndani kulikuwa na rafu tu.

Mvua ilishika. Watu wakaanza kupanda mihogo, na nilipopita nyuma kwa Concessa nikaona amechimba mashimo ya migomba, mapana, ya kina, ameyajaza samadi. Mwanamke wa umri ule, peke yake. Nikasema, Maman Latifu, wewe ni muuaji. Nikaenda kwake mchana, nikamkuta amekaa mlangoni anachambua maharage.

"Concessa, nimekuja kukuambia jambo."

"Ninajua," akasema. Hakuinua macho. "Nilienda kumwaga takataka kwenye shimo, nikaona mche wake, majani yale matatu."

"Lini?"

"Ile siku ya kwanza ulinidanganya."

Nilikaa kando yake. "Basi kwa nini uliendelea kuniuliza? Kwa nini ulichimba mashimo?"

Alitupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharage. "Ukisema ameamuka, miye ninapata nguvu ya kwenda kisimani. Nikirudi na maji, ninasema nifanye na kazi kidogo. Hapa kwangu hakuna mwingine wa kuniambia kitu." Kisha akanigusa goti. "Usilie, mukali gani wewe? Kesho nitakuuliza, na wewe unijibu tu. Najua, lakini unijibu."

Nilimwahidi. Niliapa kwa Mungu kwamba nitamjibu.

Asubuhi alikuwa uani kwangu na bidoni yake, amejifunga kitenge vizuri, ametabasamu kidogo. "Mutoto ameamuka?"

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye Muganza nzima wanaogopa ulimi wangu. Neno ni moja tu, nimelisema siku zote hizo bila shida, na sasa tulikuwa wawili tunaolijua kuwa ni uongo. Halikutoka. Nilijaribu tena, ikatoka pumzi.

Concessa alingoja. Aliningoja kwa muda mrefu, ananitazama usoni. Kisha akainua bidoni yake na kushuka kisimani. Tangu siku hiyo ananisalimia, tunakula pamoja Idi na Noeli, lakini hajaniuliza tena.